Kabla hujachangisha hela za baiskeli za umeme: mwongozo kamili kwa watu wa Mtwara na Lindi

Desemba 2023 mimi na wenzangu wawili tulikusanya hela za watu 34 hapa Mtwara. Kila mmoja alilipia baiskeli ya umeme ambayo hata sisi tulikuwa tumepanda moja tu, tena kwenye lami. Tuliahidi mwisho wa Januari. Zilifika mwisho wa Juni, na kila moja ilitutia hasara ya karibu laki tatu na nusu. Mzee mmoja wa Newala, mkulima wa korosho, alikuwa ananipigia kila Ijumaa baada ya swala. Hakuwahi kutukana. Namwamkia, anaitikia marahaba, halafu ananiuliza: "Mwanangu, hela yangu imeiona China kabla yangu. Bado haijapata nauli ya kurudi?"

Wazo lenyewe si baya. Baiskeli ya umeme inamfaa mtu wa huku, na kuchangisha kwa wateja ni nafuu kuliko riba ya mkopo. Tatizo ni kwamba hela ile ikishaingia kwenye simu inaanza kufanana na mtaji, na mtu anaanza kuitumia kama mtaji. Ni deni. Kila hatua hapa chini nimeiandika kwa jicho hilo.

Kwanza ujue unaiga nini

Wenzetu wa Marekani wana majukwaa ya kazi hii. Indiegogo ilianza 2008, Kickstarter 2009. Mwenye wazo anaweka picha, bei na kiwango cha fedha anachohitaji, watu wanalipia kabla bidhaa haijatengenezwa. Kickstarter ina kanuni ya yote au hakuna: lengo lisipotimia, hakuna anayekatwa hata senti. Likitimia, jukwaa linachukua asilimia 5, na juu yake kuna makato ya malipo.

Mfano unaotajwa sana kwa baiskeli ni Storm, iliyotangazwa Indiegogo mwaka 2015 kwa dola 499. Lengo lilikuwa dola 75,000; zikapatikana zaidi ya milioni 5. Watu waliiona ile 499 kwa herufi kubwa, kumbe usafirishaji ulikuwa pembeni, karibu dola 200 nyingine. Kelele nyingi zilizofuata zilitokana na pengo hilo kati ya bei ya tangazo na bei ya mlangoni. Usidhani ni ujanja wa Wazungu tu, sisi tulifanya vilevile bila hata kukusudia.

Kuna msomi wa Marekani, Ethan Mollick, aliyechunguza miradi ya Kickstarter. Katika utafiti wake wa 2014, zaidi ya robo tatu ya miradi ilichelewa kuliko ilivyoahidi. Katika ule wa 2015, karibu asilimia 9 haikuwapa watu walichoahidiwa. Ukizisoma namba hizo pamoja, utaona wezi si wengi kiasi hicho. Wanaochelewa ndio wengi, na ukichelewa Mtwara unaitwa mwizi kabla ya mwezi kuisha.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mkazi wake anaweza kufungua mradi Kickstarter. Nimesikia watu wanapanga kutumia jina la shemeji aliyeko Uingereza. Ukifanya hivyo mwenye mradi ni shemeji: kodi ni yake, madai ni yake, na undugu nao utakuwa umeuweka rehani. Kwa wengi wetu kuchangisha ni kundi la WhatsApp, lipa namba, na picha nzuri ya baiskeli. Basi tuongelee hiyo.

Hatua ya 1: Nunua moja kwa hela yako, uipeleke mlimani

Usitangaze chochote mpaka uwe na baiskeli uliyoinunua mwenyewe, na uwe umeipanda mwezi mzima. Lami ya kutoka Mtwara mjini kwenda Mikindani si kipimo. Pale hata ya watoto inapita.

Ipeleke kwenye mchanga wa Msimbati. Ipeleke Newala ukitokea Masasi, pale barabara inapoanza kupanda uwanda wa Makonde, ukiwa umefunga madumu mawili ya maji ya lita 20 nyuma. Hapo ndipo utaijua mota. Viwanda vingi vinatengeneza kwa soko la Ulaya, ambako sheria inaitaka mota isizidi wati 250 na iache kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Mota hiyo inamfaa mtu wa Amsterdam mwenye mkoba wa kompyuta. Kwa mtu na madumu yake kwenye mlima ule, inapata moto, inanuka, halafu inakata.

Halafu pima umbali. Betri ya volti 48 na ampea-saa 10 ina nishati ya wati-saa 480. Kwenye tambarare, ukikanyaga pedali kidogo, kilomita moja inakula wati-saa 10 hadi 12, kwa hiyo utafika kilomita 40, kama kiwanda kinavyodai. Kwenye mchanga na mzigo matumizi yanakuwa mara mbili, na kilomita 40 zinakuwa 20. Ile 40 ya kiwanda usiiandike kwenye tangazo. Andika uliyopima mwenyewe, utaje na njia uliyopita.

Hatua ya 2: Hesabu bei mpaka mlangoni kwa mteja

Hapa ndipo tulipofia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Namba nimezinyoosha ili zisomeke. Dola nimeiweka sh 2,500, ushuru wa forodha asilimia 25. Kiwango chako mwombe wakala wa forodha akupe kwa maandishi, maana kinategemea namba ya HS, yaani namba ya aina ya bidhaa kwa forodha, ambayo mzigo utapewa. Ukipewa namba nyingine, hesabu nzima inageuka.

Bei ya kiwandani ni dola 400, yaani sh 1,000,000. Hapo ndipo wengi wanaongeza laki tano na kuiita faida. Sasa twende.

Meli na bima, fungu la baiskeli moja: 150,000. Jumla 1,150,000.
Ushuru asilimia 25 ya jumla hiyo: 287,500. Jumla 1,437,500.
VAT asilimia 18, juu ya vyote pamoja na ushuru: 258,750. Jumla 1,696,250.
Bandari, wakala, na lori kutoka Dar mpaka Mtwara: 120,000. Jumla 1,816,250.
Fundi wa kuifunga na kuirekebisha: 30,000. Jumla 1,846,250.

Sisi tuliuza 1,500,000. Toa mwenyewe. Na hapo bado hujaweka tozo ndogondogo za forodha, makato ya miamala ya simu, wala akiba ya vipuri vya waranti. Weka angalau laki moja kwa hayo, na ndipo uanze kuongea habari za faida. Baiskeli ya milioni moja inakaribia milioni mbili kabla hujala hata chapati.

Jingine ni dola yenyewe. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa kama sh 2,330. Ilipofika katikati ya 2024 ilikaribia 2,700, tena kuipata ilikuwa kazi. Ukipokea shilingi leo na kumlipa mwenye kiwanda baada ya miezi mitatu, tofauti hiyo inatoka mfukoni mwako. Usidhani utajikinga kwa kutangaza bei kwa dola: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kutoza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Kinga iliyobaki ni kupokea kwa awamu mbili, kianzio wakati wa oda na kilichobaki mzigo ukifika, na kuandika wazi kwenye fomu kwamba awamu ya pili inaweza kupanda kwa kiasi fulani, na kukitaja kiasi hicho kwa namba.

Hatua ya 3: Fungua kalenda mbili, ya korosho na ya China

Hela ya huku inatembea na minada. Korosho zinaanza kuuzwa Oktoba, malipo yanashuka kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kuanzia Novemba, na Desemba mji wote una hela. Kwa hiyo kila mwenye bidhaa anachangisha Desemba. Nasi tukafanya hivyo.

Ukikusanya Desemba, oda unaiweka Januari. Na Januari kiwanda cha China kinakimbizana na oda za zamani, kwa sababu mwaka mpya wao unakuja na mafundi wote wanarudi vijijini. Mwaka 2024 sikukuu hiyo iliangukia Februari 10. Oda yetu ikalala mpaka Machi. Mzigo ukapanda meli mwisho wa Machi na kufika Dar mwisho wa Aprili, tukaanza kupumua. Mei 4 kimbunga Hidaya kikaingia, mvua ikaikata barabara ya Dar kwenda Lindi pale Somanga. Mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili za maji. Baiskeli zetu zilikuwa zimeshalipiwa kila kitu, zimekaa kwenye ghala Dar, na ghala linahesabu siku.

Kwa hiyo igeuze. Kusanya majina na oda mwezi Juni au Julai bila kuchukua hela, au kwa kianzio kidogo. Agiza Agosti. Mzigo ufike Novemba, kabla mvua za msimu hazijashika, mteja amalizie malipo kwa hela ya mnada akiwa anaiona baiskeli yake kwa macho. Utahitaji mtaji wa kuziba miezi hiyo katikati, na kama huna, punguza idadi. Baiskeli kumi zilizofika kwa wakati zitakuuzia mia. Muulize pia wakala kama kuna meli ya makontena inayoshuka bandari ya Mtwara wakati huo. Msimu wa korosho meli zinakuja kuchukua mzigo, na njia hiyo inakuondolea Somanga.

Tarehe unayoahidi: chukua unayoiamini, ongeza miezi mitatu, ndiyo uitangaze. Mtu hajawahi kulalamika kwamba mzigo umewahi.

Hatua ya 4: Uwe na sura mbele ya sheria

Sajili biashara BRELA, chukua TIN, leseni kutoka halmashauri, na utoe risiti ya EFD hata kwa kianzio. Uza baiskeli, usiuze ndoto ya faida: ukimwambia mtu "changia laki tano, utapata mgao", umeshatoka kwenye biashara ya baiskeli na kuingia kwenye dhamana za uwekezaji, na huko mwenye nyumba ni CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana. Ukimwambia alete wenzake watano apate yake bure, huo ni upatu. Watu wa rika langu wanaukumbuka upatu wa DECI wa 2009, na hawahitaji kukumbushwa mara ya pili.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, kwa hiyo ile kilomita 40 ya kiwanda inaweza kukufikisha FCC, Tume ya Ushindani. Angalia na VAT: ukomo wa kulazimika kujisajili ni mauzo ya sh milioni 200 kwa miezi 12, na baiskeli mia moja na kidogo za milioni mbili zinauvuka. Kaa na mhasibu kabla hujafika huko.

Baiskeli inayokwenda kwa kuvuta mkono kama pikipiki, pedali zikiwa za mapambo tu, iulizie TRA na LATRA kabla ya kuagiza, na jibu uliombe kwa barua. Jibu la mdomo la mtu wa dirishani halitakusaidia trafiki akikusimamisha.

Hatua ya 5: Hela ikae mahali usipoweza kuigusa peke yako

Fungua akaunti ya benki ya mradi huo tu, yenye sahihi mbili. Lipa namba iwe ya jina la biashara, isiwe namba yako. Kila Ijumaa hamisha kilichoingia kwenye simu kwenda benki.

Sisi hela zilikaa kwenye simu ya mmoja wetu wiki tatu. Hakuiba. Mtoto aliumwa, akachukua laki mbili arudishe mwisho wa mwezi. Lori la mwenzetu mwingine likapasuka tairi. Mimi nikajilipa "posho" ya kwenda Dar. Tulipokaa kuhesabu, milioni 2 na laki 3 hazikuwepo, na hakuna aliyejiona mwizi. Pengo hilo, pamoja na lile la bei, tuliliziba kwa kuuza bajaji.

Andikeni kwenye karatasi moja, kabla ya shilingi ya kwanza kuingia: hela itatoka mara ngapi, kwa ajili ya nini, na fungu gani haliguswi mpaka baiskeli ya mwisho ikabidhiwe.

Hatua ya 6: Sampuli ni sampuli, mzigo ni mzigo

Sampuli yetu ilikuwa na breki za mafuta. Mzigo ulikuja na breki za waya. Nilipomwandikia muuzaji akanijibu kwa upole kwamba profoma, yaani ankara ya awali, ilisema "breki za diski", na kweli zote mbili ni za diski. Toka siku hiyo naandika kila kitu: aina ya breki, wati za mota, seli za betri na mtengenezaji wake, unene wa spoki, ukubwa wa tairi, rangi, hata plagi. Ndiyo, plagi. Chaja zote 34 zilikuja na miguu miwili bapa isiyoingia kwenye soketi zetu. Nilizunguka maduka ya umeme ya mjini siku nzima kutafuta adapta.

Utaratibu wa kawaida wa malipo ni asilimia 30 wakati wa oda na 70 kabla mzigo haujapakiwa. Hiyo 70 ndiyo fimbo yako ya mwisho. Mlipe mkaguzi wa huko, asiye mtu wa kiwanda, afungue maboksi kadhaa atakayoyachagua yeye, apande, apige picha za namba za fremu na za betri. Ukaguzi wa TBS nao unatakiwa ufanyike huko mzigo unakotoka, upate cheti cha ulinganifu kabla ya meli kuondoka. Mzigo uliokuja bila cheti hukwama, nawe unalipia kukwama kwake.

Hatua ya 7: Betri ni mzigo wa hatari, ichukulie hivyo

Kijana mmoja aliniambia angeleta betri kwenye begi. Kwenye ndege abiria haruhusiwi zaidi ya wati-saa 100, au 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Ndogo yetu ilikuwa 480. Na betri za lithiamu zinazosafiri peke yake kama shehena zimepigwa marufuku kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016.

Baharini zinapita, ila kama bidhaa hatari za daraja la 9, na kwa nyaraka. Dai ripoti ya majaribio ya UN 38.3, yale ya usalama wa betri safarini, ya betri ileile unayonunua. Soma namba ya modeli kwenye ripoti na kwenye betri, herufi kwa herufi. Ripoti za kuazima ni nyingi. Muuzaji akikushauri uandike "vipuri vya baiskeli" ili kukwepa gharama, achana naye. Kontena likishika moto baharini utatafutwa wewe.

Mzigo ukifika, kitu cha kwanza ni kupima volti za kila betri kwa mita, siku hiyohiyo. Miezi mitatu ya meli na ghala inaweza kuinyonya mpaka saketi yake ya ulinzi ikajifunga. Zetu nne zilikuwa hivyo: taa haiwaki, chaja inaonyesha kijani kana kwamba imejaa. Zilizo hai zihifadhi zikiwa nusu, kwenye chumba chenye hewa, mbali na bati linalochomwa na jua. Na mfundishe mteja asichaji palepale akitoka kupanda mlima, aiache ipoe kwanza. Umeme usimtishe: kujaza betri ya saizi hii hakumalizi uniti moja ya LUKU.

Kwa walio pwani, Lindi mjini, Mikindani, Msimbati: chumvi. Paka grisi ya umeme kwenye viunganishi vyote wakati wa kufunga. Kile cha mota kinakuwa cha kijani ndani ya mvua moja.

Hatua ya 8: Ongea hata ukiwa huna jipya

Kila wiki, siku ileile, ujumbe mmoja kwenye kundi: mzigo uko wapi, nini kimekwama, hatua inayofuata ni ipi. Usifunge kundi watu wasiandike. Tulilifunga wiki mbili wakati wa Hidaya tukidhani tunatuliza, na kumbe ndizo wiki mbili watu walizotufuata nyumbani.

Anayetaka hela yake arudishiwe, mrudishie. Weka kwenye fomu mapema: kabla ya oda kuwekwa kiwandani anarudishiwa yote; baada ya hapo anasubiri mtu wa kuchukua nafasi yake, au siku 30 baada ya mzigo kufika. Watatu walitoka kwetu, na nafasi zao zilichukuliwa ndani ya wiki moja na watu waliosikia kwamba tunarudisha.

Hatua ya 9: Agiza vipuri kwenye meli ileile

Ukiagiza vipuri baadaye, kontrola (kifaa kinachoiongoza mota) moja ya elfu sitini itakuja kwa kifurushi cha laki. Kwa kila baiskeli kumi tulipaswa kuagiza kontrola moja, chaja mbili, pedi za breki seti kumi, betri moja nzima, na spoki nyingi. Spoki ndizo zilizotuaibisha. Gurudumu lenye mota kubwa katikati linatumia spoki fupi na nene, na zile za Phoenix zilizojaa kwenye kila kibanda cha fundi haziingii.

Chagua fundi wawili kila wilaya unayouza, uwalipe siku moja ya mafunzo kabla ya kukabidhi baiskeli yoyote: kufungua gurudumu la mota bila kukata waya, kupima betri kwa mita, kubadili kontrola kwa kufuata rangi za nyaya. Usiwafundishe kufungua betri yenyewe, hiyo irudi kwako.

Mzee wa Newala alichukua yake wiki ya kwanza ya Julai. Baada ya siku tisa akapiga, na haikuwa Ijumaa. Gunia lilikuwa zito, spoki nne zimekatika, fundi wake kajaribu za Phoenix, zimebaki nje kama miiba ya nungunungu. Sikuwa na akiba. Nilizing'oa nne kwenye baiskeli yangu mwenyewe, nikazifunga kwenye gazeti, nikampa kondakta wa basi la asubuhi.